Makumbi, nyasi au majani ya mvinje? Kuchagua matandazo yatakayodumu bustanini

Mvua za vuli zinapokatika na upepo wa kaskazi kuanza kuvuma, bustani nyingi za nyumbani katika Kaunti ya Kilifi hupitia hali ile ile. Sukuma wiki hulegea saa sita mchana, mchicha hukimbilia kutoa mbegu, na mwenye bustani huongeza mtungi mmoja wa maji, kisha wa pili. Kufikia Februari, katika maeneo mengi mtungi huo unanunuliwa au unabebwa kutoka mbali, na familia hulazimika kuamua iwapo maji yaende kwenye sufuria au kwenye tuta la mboga. Mara nyingi tuta ndilo hushindwa.

Jambo la kusikitisha ni kwamba sehemu kubwa ya maji yanayomwagwa kwenye tuta haiifikii mboga. Siku ya jua kali na upepo, udongo uliotoka kumwagiliwa na ambao uko wazi unaweza kupoteza karibu lita 5 za maji kwa kila mita moja ya mraba. Tuta lenye upana wa mita 1 na urefu wa mita 5, basi, linaweza kupoteza lita 25 kwa siku, yaani mtungi mmoja wa lita 20 na robo yake. Maji hayo yamelipiwa, yamebebwa kichwani au kwa bodaboda, na yamechukuliwa na jua kabla ya mizizi kuyanywa.

Matandazo hupunguza hasara hiyo. Ni kitu chochote kinachotandazwa juu ya udongo, katikati ya mimea, ili jua lisiupige udongo moja kwa moja: nyasi kavu, majani, maganda, hata mawe. Chini yake udongo hubaki na ubaridi na unyevu, magugu hukosa mwanga wa kuota, na matone ya mvua hayarushi tope kwenye majani ya nyanya. Tope hilo lina madhara yake, kwa kuwa hubeba vimelea vya magonjwa kutoka ardhini hadi kwenye majani ya chini.

Hayo wakulima wengi wameyasikia. Kinachowarudisha nyuma ni kile kilichowapata walipojaribu. Mmoja alitandaza nyasi, na baada ya wiki sita mchwa walikuwa wamezimaliza. Mwingine alinunua karatasi ya plastiki dukani, ikapasuka msimu wa kwanza. Wa tatu aliweka makumbi ya nazi, akapata mbu. Swali lililobaki basi ni kitu gani kitadumu, na kwa gharama gani.

Kudumu kwa muda gani?

Kosa la kwanza ni kutafuta matandazo yanayodumu kuliko yote na kuyatumia kila mahali. Tuta la mchicha hulimwa upya kila baada ya wiki chache. Matandazo ya miaka miwili kwenye tuta kama hilo ni kazi ya kuyaondoa na kuyarudisha kila mara, na mkulima atachoka mapema. Kwa upande mwingine, mlimau, mpapai au mgomba hukaa pale pale miaka mingi, na kuuwekea nyasi zinazooza kwa miezi miwili ni kujipa kazi isiyokwisha.

Kwa hiyo kabla ya kutafuta matandazo, mkulima aangalie kwanza mmea utakaa ardhini kwa muda gani. Mboga za muda mfupi zinafaa vitu laini vinavyooza haraka, kwa sababu vinapooza hugeuka chakula cha udongo na mkulima huvilima pamoja na samadi. Sukuma wiki, bilinganya, pilipili na bamia, ambazo huvunwa kwa miezi mingi, zinaweza kupata kitu kigumu zaidi. Miti ya matunda ndiyo inayostahili vile vinavyokaa miaka.

Hesabu ya gharama nayo hubadilika ikitazamwa hivyo. Tuta lile la mita 1 kwa 5, likifunikwa kwa kina cha vidole vinne, linahitaji takriban gunia tatu kubwa, zile za mahindi za kilo 90. Tuseme gunia moja la nyasi linauzwa shilingi 100 na nyasi hizo zinadumu miezi miwili. Kwa mwaka, mkulima atakuwa ametumia shilingi 1,800. Tuseme pia jirani ana makumbi anayotaka kuyaondoa bure, na mkokoteni wa kuyaleta ni shilingi 500. Makumbi hayo yakikaa miaka miwili, gharama yake ni shilingi 250 kwa mwaka. Bei halisi hutofautiana kati ya Mtwapa na Marafa, lakini njia ya kuhesabu ni hiyo hiyo: gharama yote, pamoja na usafiri, igawanywe kwa miezi ambayo matandazo yatakaa.

Makumbi: mali iliyo nyuma ya nyumba

Kaunti ya Kilifi ni miongoni mwa maeneo makuu ya minazi nchini, na katika Kaloleni, Rabai na ukanda wote wa karibu na bahari, milundo ya makumbi si kitu kigeni. Mengi huchomwa au huachwa yaoze pembeni mwa njia. Kwa bustani, hayo ni mojawapo ya matandazo yanayodumu zaidi yanayopatikana hapa. Nyuzi zake ni ngumu na huoza polepole sana, na hunyonya maji kama sifongo kisha kuyaachia taratibu. Kuku wa kienyeji, ambao hutawanya nyasi kwa dakika chache, hupata shida kuyachakura.

Lakini yana masharti, na mengi ya malalamiko kuhusu makumbi hutokana na kuyapuuza.

La kwanza ni chumvi. Makumbi mabichi yana chumvichumvi ambayo miche midogo haiipendi. Yaachwe nje yanyeshewe na mvua msimu mmoja, au yalowekwe na maji kumwagwa mara mbili tatu, kabla ya kuwekwa karibu na mboga. Makumbi ya zamani, yaliyobadilika rangi kuwa ya kijivu, kwa kawaida yameshaoshwa na mvua.

La pili ni namna ya kuyalaza. Kipande cha kumbi kina umbo la bakuli. Kikiwekwa bakuli likitazama juu, kitateka maji, na maji hayo ndiyo mazalio ya mbu aina ya Aedes, wanaouma mchana na kueneza homa ya dengue na chikungunya. Pwani inazijua homa hizi: Mombasa ilikumbwa na mlipuko wa dengue mwaka 2013, na chikungunya ikafuata mwishoni mwa 2017 hadi 2018. Makumbi yalazwe kifudifudi, mgongo juu, yakipandana kidogo kama vigae. Vifuu vya nazi ni hatari zaidi kwa sababu havivuji kabisa. Kama mtu hawezi kuvivunja au kuvifukia, asivitumie.

La tatu linawahusu wenye minazi. Mbawakawa mwenye pembe, anayejulikana na wakulima kama chonga, hutaga mayai katika vigogo vya minazi vinavyooza na katika milundo ya samadi na takataka za mimea, kisha akishakomaa huutoboa mnazi hai kwenye kilele. Tabaka jembamba la makumbi juu ya tuta si tatizo kubwa. Tatizo ni rundo lililoachwa miezi mingi nyuma ya nyumba likisubiri siku ya kutandazwa. Makumbi yakiletwa, yatandazwe. Rundo la samadi nalo lipinduliwe mara kwa mara, na mabuu manene meupe yakionekana yapewe kuku.

Makuti chakavu yanafaa pia. Nyumba au mkahawa unapoezekwa upya, makuti ya zamani hutupwa kwa wingi, na mara nyingi mwenye nyumba hufurahi kuyaona yakiondoka. Yamekauka na kupigwa na mvua kwa miaka, hayana mbegu za magugu, na yakikatwa vipande vya urefu wa mkono hutulia vizuri kati ya mistari ya pilipili au bilinganya. Hayadumu kama makumbi, lakini hudumu kuliko nyasi. Anayeyakata afunge kitambaa puani, kwa sababu vumbi lake ni jingi na mara nyingine lina kinyesi cha popo au panya.

Mvinje, nyasi na vinginevyo

Chini ya mashamba ya mivinje, ambayo wakaazi wengi wa pwani wamepanda kwa ajili ya nguzo na boriti, kuna zulia nene la majani membamba kama sindano. Hayo ni matandazo mazuri ambayo yamesahaulika. Hayashikamani, maji hupita katikati yake bila shida, na huoza polepole. Wengine huyaogopa kwa kuwa huona hakuna kinachoota chini ya mvinje. Hofu hiyo ina msingi kwa mbegu: zulia zito huzuia mbegu ndogo kuchipua. Kwa miche iliyokwisha kushika, hakuna neno. Mwenye shamba aombwe ruhusa, na zulia lote lisikwanguliwe, kwa sababu mivinje yenyewe inalihitaji.

Majani ya mwembe na mkorosho yanapatikana bure karibu kila boma. Ni mazito na yana ngozi ngumu, hivyo hukaa, lakini yakilazwa mazima hugandana kama vigae na maji huteleza juu yake. Yakatwekatwe kwa panga kwanza, au yachanganywe na nyasi.

Nyasi kavu zinabaki kuwa chaguo la kawaida kwa mboga za muda mfupi, na hakuna ubaya, mradi zikatwe kabla ya kutoa mbegu. Mkulima anayetandaza nyasi zenye mbegu amepanda magugu yake mwenyewe. Nyasi za aina ya sangari, ambazo huota tena kutoka kwa kipande kidogo cha shina, zisiingizwe bustanini hata kama zinaonekana zimekauka.

Mabua ya mahindi hudumu kuliko nyasi. Hata hivyo, mabua yanaweza kuficha viwavi vya bungua, kwa hiyo yasitandazwe karibu na mahindi ya msimu unaofuata. Vivyo hivyo, mabaki ya nyanya au bilinganya zilizokufa kwa mnyauko yasirudishwe kwenye tuta la mboga hizo, wala majani na vigogo vya mgomba uliougua visipelekwe kwa mgomba mzima.

Vumbi la mbao na maranda kutoka kwa mafundi seremala huombwa bure katika vituo vingi vya biashara. Maranda yanafaa zaidi. Vumbi laini hugandana na kuwa kama ukoko. Yote mawili yasilimwe ndani ya udongo yakiwa mabichi, kwa sababu vijidudu vinavyoyaozesha vitachukua naitrojeni ya udongo na mboga zitageuka manjano. Juu ya udongo hayana shida hiyo kwa kiasi kikubwa. Fundi aulizwe pia kama mbao zilitiwa dawa ya kuzuia wadudu. Kama ndiyo, zisiende kwenye bustani ya chakula.

Mawe nayo, kwa kuwa hayaozi, huonekana ndiyo mwisho wa tatizo. Katika maeneo ya pwani, mawe mengi yanayopatikana ni ya matumbawe, na hayo yana chokaa. Yakikaa miaka kuzunguka mti, chokaa huingia udongoni, na miti kama mlimau na mchungwa huanza kutoa majani ya manjano yenye mishipa ya kijani kwa kukosa madini ya chuma. Isitoshe, mawe hupata joto mchana na kulitunza hadi usiku.

Kuhusu karatasi nyeusi za plastiki zinazouzwa katika maduka ya pembejeo, huzuia magugu kuliko kitu chochote na huokoa maji vizuri zikiwekwa pamoja na mipira ya matone. Wakulima wa nyanya za biashara wana sababu ya kuzitumia. Kwa bustani ya nyumbani ya Kilifi, faida yake ni ndogo: rangi nyeusi huongeza joto katika udongo ambao tayari una joto, ile nyembamba hupasuka baada ya msimu mmoja, na vipande vyake hubaki ardhini au huchomwa, jambo ambalo ni hatari kwa afya. Nchi iliyopiga marufuku mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa Agosti 2017 haina sababu ya kuirudisha plastiki kwa mlango wa bustani pale ambapo makumbi ni bure.

Maboma yaliyo karibu na ufuo nayo hushawishika kuchukua majani ya baharini yanayosukumwa na mawimbi. Yana chumvi nyingi, na ndani ya hifadhi za bahari za Malindi na Watamu hayafai kuguswa.

Mchwa

Swali linaloulizwa zaidi ni la mchwa, na jibu lake haliwafurahishi wote. Mchwa watakula matandazo makavu. Ndiyo chakula chao. Wanapofanya hivyo huingiza mabaki ya mimea chini na kufungua njia za maji katika udongo mgumu, kwa hiyo nyasi zilizoliwa hazijapotea zote. Mara nyingi mchwa hugeukia mmea hai pale ambao umedhoofika kwa kiu, au pale ambapo hakuna kitu kingine cha kula. Kuondoa matandazo yote kwa hofu ya mchwa kunaweza kuwasukuma kwenye miche.

Kinachosaidia ni kuchagua vitu vigumu, kuweka udongo wa chini na unyevu, na kuacha nafasi ya wazi kuzunguka shina. Majivu huwazuia kwa muda, hadi mvua au maji ya kumwagilia yayaoshe. Majani ya mwarobaini hutumiwa na wengi na hayana madhara kwa mboga, lakini asitegemee mtu kwamba yatamaliza kichuguu. Jambo moja lisipuuzwe: matandazo yasiegemezwe kwenye ukuta wa nyumba ya udongo au kwenye nguzo za banda. Hapo mchwa wanajengewa daraja.

Namna ya kutandaza

Udongo upaliliwe na kumwagiliwa mpaka maji yazame, ndipo matandazo yafuate. Kutandaza juu ya udongo mkavu ni kuufungia ukavu ndani. Kina cha vidole vinne kinatosha kwa nyasi na majani. Maranda yawe vidole viwili. Kuzunguka kila shina kuachwe nafasi ya upana wa kiganja kwa mboga, na ya futi moja kwa miti, ili shina lisioze na wadudu wasijifiche hapo. Kwa migomba nafasi hiyo ni muhimu zaidi, kwani fukusi wa mgomba hupenda unyevu na giza kwenye kitako cha shina.

Mbegu za mchicha zinazonyunyizwa juu ya tuta zisifunikwe. Matandazo yasubiri miche ifike urefu wa kidole.

Baada ya hapo, kumwagilia hubadilika. Maji kidogo kidogo kila jioni yataishia kwenye matandazo yenyewe. Ni afadhali maji mengi mara chache, yakimwagwa kwenye kitako cha mmea. Kujua kama tuta linahitaji maji, mkulima asogeze matandazo na kufinya udongo wa kina cha kidole kimoja: ukishikamana, asubiri hadi kesho.

Matandazo makavu hushika moto, na makumbi yakishaingia moto hufukuta kwa saa nyingi bila mwali. Tuta lililofunikwa liwe mbali na mafiga, na majivu ya moto yasimwagwe bustanini.

Ganze na Magarini

Ushauri wa makumbi ni rahisi kuutoa Rabai. Bamba au Marafa hali ni tofauti: minazi ni michache, na mabua ya mahindi yana mwenyewe mwingine, yaani ng'ombe na mbuzi. Wafugaji waliopoteza mifugo katika ukame wa 2020 hadi 2023 hawawezi kuambiwa watandaze lishe chini. Huko ni busara kutandaza kidogo mahali penye faida kubwa: mashimo machache ya mboga karibu na nyumba, yaliyochimbwa chini ya usawa wa ardhi ili yateke maji, na kila mche wa mwembe au mpapai. Vinavyofaa ni vile ambavyo mifugo imekataa: mabaki ya mabua baada ya kulishwa, vijiti vyembamba, matawi ya vichaka, maganda ya mbaazi na kunde. Majirani wanaweza pia kuchangia gharama ya lori linalorudi tupu kutoka Kaloleni na kuleta makumbi ya miti ya matunda, kwa kuwa mzigo mmoja utakaa miaka.

Mvua ndefu zinapokaribia, kati ya Machi na Aprili, matandazo kwenye udongo mzito wa mfinyanzi yasogezwe kando kwa muda ili tuta lisijae maji na konokono na jongoo wasizaliane. Kwenye udongo wa mchanga yanaweza kubaki. Mkaazi ambaye mboga zake zinanyauka au kugeuka manjano hata baada ya kutandaza anaweza kumwona afisa wa kilimo wa wadi yake. Aende na mmea mzima uliong'olewa pamoja na mizizi, na konzi ya matandazo aliyotumia ndani ya mfuko wa karatasi.